Madume Watatu kwa Ugali

Masumbuko alikula madume watatu wa binti yake kwa ugali, na dume wa nne, yule aliyemwacha kwa ajili ya mbegu, akafa Jumatano. Shida yenyewe ilikuwa hiyo. Majike wanane walibaki, dume hakuna.

Tusimwonee. Hakuiba mnyama wa mtu. Madume hao walikuwa dome, na waliishi ndani ya stoo yake mwenyewe, Tunduma, nyuma ya uwanja anaokodisha kwa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Dome ni ndugu wa pweza na ngisi. Mwili wake umelala kama ulimi wa ng'ombe, mikono minane imeota mdomoni, mingine miwili mirefu ameificha ndani, na ngozi yake inabadilika rangi kama mtu anayefikiria uongo wa kusema. Ni mnyama wa bahari, na kutoka Tunduma hadi baharini ni zaidi ya kilomita mia tisa.

Shani, kitinda mimba wa Masumbuko, ndiye aliyewaleta. Alisomea uvuvi pwani, akarudi nyumbani na ndoo yenye mayai ya dome na kipampu cha hewa kikinung'unika juu yake. Mtaa mzima ulicheka. Kefa, anayebadilisha noti za kwacha pale kona, aliacha wateja akaja kuchungulia.

"Mzee Masumbuko, umeuza ng'ombe ukanunua makamasi?"

"Cheka," Masumbuko alimjibu. "Wewe unafuga noti za watu, mbona sikucheki?"

Lakini moyoni naye aliona ni makamasi. Alimpa binti stoo kwa sababu ilikuwa tupu, basi. Brayan, dereva wa lori, akawa anateremsha madumu ya maji ya bahari kila alipotoka Dar es Salaam. Mayai yakaanguliwa. Vifaranga walikuwa wadogo kama punje ya mahindi, Shani akawalisha vidudu vya maji ya chumvi alivyovifuga kwenye chupa, baadaye visamaki kutoka Mto Momba. Wengi walikufa. Mwezi wa tisa walibaki dome kumi na wawili, kila mmoja mkubwa kuliko kiganja cha mwanamume, na Masumbuko alikuwa ameanza kunywa chai yake ya asubuhi humo stoo. Akiulizwa, alisema humo kuna ubaridi mzuri.

Mteja alikuwepo. Ba Chanda, Ba ya heshima kwa Kibemba, mwenye hoteli ng'ambo ya mpaka, alikuwa amejenga ukuta wa vioo pale wageni wanapoingilia, na alitaka mayai mia mbili ili dome waanguliwe kwake, wazoee maji yake. Chini ya mia mbili hataki, maana wengi hufa.

"Baba, nikifikisha mia mbili kazi ipo, nabaki hapa hapa," Shani alimwambia. "Nisipofikisha, Kilwa wananisubiri kazini."

"Nenda basi. Nani amekushika mguu?"

Alisema hivyo, akatoka nje, na mchana ule hakula. Ferista, mkewe, aliiona sahani ikirudi imejaa, akaifunika. Watoto wanne walishaondoka nyumba ile, na huyu wa tano ndiye aliyekuwa bado anamjibu baba yake mdomo kwa mdomo.

Jumatatu Shani akaenda Vwawa kufuatilia kibali cha kusafirisha mayai. Akasema atakaa siku tatu, nne. Akamwachia baba yake maagizo: awalishe asubuhi na jioni, aangalie pampu, asitie mkono ndani ya maji.

Siku hiyo hiyo madume wakaanza vita. Walikuwa wanne, wanajulikana kwa mistari yao myeusi na myeupe inayowaka mwili mzima wakikasirika. Walijinyoosha, wakasukumana, wakang'atana, wakamwaga wino hadi tangi likawa kama limeoshewa injini. Majike walijibana pembeni.

Hapa lazima mumjue Masumbuko ni nani. Kabla ya uwanja wa malori, alishuka bonde la Momba, upande wa Ivuna, na ng'ombe mia na ishirini. Miaka ishirini na sita alichunga, kama baba yake na babu yake. Na katika zizi lao dume mmoja aliyechaguliwa vizuri alitosha. Wengine walihasiwa au waliliwa, kwa sababu madume wakigombana, majike hawashiki mimba, na wakishika wanatoa. Hilo hakulisoma kwenye kitabu. Alilijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni.

Basi akavuta kigoda, akawatazama wale madume asubuhi nzima ya Jumanne. Akapima upana wa mgongo, ukali wa mistari, namna ya kusimama. Akamchagua mkubwa kuliko wote. Kuhusu wale watatu, kwanza alifikiria kuwahasi. Akatazama sana wapi angeanzia. Hakupaona. Akachukua kichujio cha Shani akawatoa.

"Hii nyama ya nini?" Ferista aliuliza jikoni, sufuria yote ikiwa nyeusi kama oili chafu.

"Pika, mama Shani."

"Masumbuko, hii ni ya mtoto."

"Namsaidia mtoto. Pika."

Kefa, ambaye pua yake haikosi mchuzi wa mtu, alitokea tonge la pili. Akatafuna, akafumba macho.

"Kama kuku aliyelelewa na samaki," alisema. "Wamebaki wangapi?"

"Kula, uondoke."

Jumatano saa nne, dume wa mbegu alielea ubavu. Alikuwa na jeraha kubwa chini ya jicho, na chai ya Masumbuko ikamponyoka.

Shani alirudi Alhamisi na kibali ndani ya bahasha ya kaki. Akaingia stoo akiwa bado na begi mgongoni. Akahesabu kwa macho. Akahesabu tena kwa kidole.

"Baba, wengine wako wapi?"

"Nimepunguza."

"Umepunguza?"

"Walikuwa wanagombana. Nikakuachia dume wa mbegu, mzuri kweli."

"Huyo dume wa mbegu yuko wapi?"

Masumbuko akatazama paa. "Amekufa jana."

 Shani aliketi juu ya dumu, begi lake mgongoni vile vile, akatazama maji.

"Baba, dome si ng'ombe. Ng'ombe dume anapanda miaka. Huyu ana wiki chache tu za nguvu, akigombana nusu ya hizo zimekwisha. Ndiyo maana nilikuwa nao wanne."

"Agiza mwingine kwa Brayan."

"Brayan yuko kwenye foleni Nakonde. Hata akitoka leo akaenda na kurudi, dume mkubwa akivuliwa baharini akatikiswa siku mbili ndani ya ndoo, atafika maiti. Na majike hawangoji. Umri wao wa kutaga ni huu. Ukipita umepita."

"Mayu, mimi nilidhani..." Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na ndivyo alivyomwita binti huyu tangu azaliwe, akitaka kumbembeleza.

"Najua ulidhani nini. Niliambiwa na harufu ya sufuria." Akainuka. "Jumatatu nitawapigia Kilwa."

Masumbuko hakujua kuomba msamaha. Katika umri wake wa miaka hamsini na minane alikuwa ameomba mara mbili, na zote mbili kwa Ferista. Alichojua ni kukaa na mifugo. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi alibeba kigoda chake akaketi mbele ya tangi, penye dirisha la kioo ubavuni, akakaa. Ferista alimletea uji humo humo. Mwenye lori aliyetaka kulipia maegesho alimfuata humo humo.

Mchungaji akikaa na ng'ombe wageni siku moja, jioni anawajua kwa mwendo. Masumbuko alishawapa majike wote majina. Kulikuwa na Nakonde, aliyependa upande wa kusini. Kulikuwa na Mama Mbozi, mnene, mpole. Kulikuwa na Karani, mdogo kuliko wote, ambaye daima alikunja mikono miwili ya mbele chini ya kidevu kama mtu aliyeshika makaratasi ya ofisi.

Huyu Karani ndiye aliyemsumbua macho. Majike wengine walisukumana wakati wa kula, yeye alisubiri. Wengine walikaa peke yao, yeye alihama, mara ubavuni mwa Nakonde, mara ubavuni mwa Mama Mbozi, karibu mno, kama mtu anayekopa. Na wala hawakumfukuza. Masumbuko akasogeza kigoda upande mmoja wa kioo, akakirudisha upande mwingine, akainama hadi shingo ikalia.

Upande uliomwelekea yeye, Karani alikuwa na madoa ya kijivu, jike kabisa, na mikono yake imekunjwa. Upande uliomwelekea Mama Mbozi, nusu ya mwili wake ilikuwa inawaka mistari, myeusi na myeupe.

"Shani!" Masumbuko alipiga kelele hadi madereva uwanjani wakageuka. "Shani, njoo uone mnafiki!"

Shani alikuja akiwa ameshika nguo za kufungasha. Baba akamwonyesha. Binti alipiga magoti mbele ya kioo, akachungulia upande huu, akachungulia upande ule.

"Ni dume," alisema mwisho. "Baba, huyu ni dume. Alijifanya jike ili wale wakubwa wasimpige."

"Alikuwa anaiba ndani ya zizi langu!"

"Lingekuwa zizi lako ungemla."

"Ningemla wa kwanza," Masumbuko alikiri. "Ana mgongo mwembamba. Sasa mbona bado anajificha? Wenzake wamekufa wote. Hajapata habari za msiba?"

Shani alimtazama dome, akamtazama baba yake, akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukingo wa tangi.

"Anakuogopa wewe."

"Mimi?"

"Baba, tazama shati lako."

Masumbuko akainamisha kichwa. Alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa, la mistari mipana, myeusi na myeupe.

"Toka asubuhi anaona dume mkubwa kuliko tangi amekaa dirishani anamkodolea macho," Shani alisema. "Hata mimi ningekunja mikono."

"Nifanye nini?"

"Vua."

Alivua. Alibaki kifua wazi, kitambi chake kimekaa juu ya mapaja, ubaridi mzuri wa stoo ukimtambaa. Ferista alichungulia mlangoni, akaona mume amevua shati mbele ya wanyama na binti anamcheka, akarudi jikoni bila kuuliza. Kefa naye alifika, akataka kusema neno, wakamnyamazisha wote wawili kwa kidole.

Haikupita nusu saa. Karani alikunjua mikono. Mistari ilimwenea kutoka ubavu hadi ubavu, akavimba, akawa mnyama mwingine kabisa. Akamwendea Mama Mbozi uso kwa uso, mikono yao ikafumana kama watu wanaosalimiana baada ya miaka, wakabaki hivyo, wametulia, wakielea.

"Uso kwa uso," Kefa alinong'ona. "Wana adabu kuliko ng'ombe."

Masumbuko alilikunja shati lake la mistari, akalikalia. 

Siku ya tano Mama Mbozi alianza kutaga. Shani alikuwa ameshusha kamba za katani ndani ya maji, na dome yule alizining'inizia mayai moja moja, meupe, yanayong'aa, kama matone ya maziwa yaliyosahau kuanguka. Nakonde akafuata, halafu wengine. Karani alifanya kazi ya madume wanne bila kulala. Kila asubuhi Masumbuko alihesabu kwa sauti, kifua wazi, na Shani akaandika. Thelathini na moja. Themanini na nne. Mia moja na sitini. Siku walipopita mia mbili, Shani alipiga simu Kilwa kuwashukuru na kuwaambia hapana. Baba yake alikuwa nje, anabishana na dereva kuhusu kugeuza lori, akisikiliza kila neno kupitia dirisha.

Ba Chanda alikuja mwenyewe na masanduku ya barafu na pampu zake. Akasalimia kwa Kibemba, akapiga makofi kidogo kwa heshima kama kwao, akayatazama mayai moja moja kwenye mwanga.

"Nani amewatunza?" aliuliza.

"Baba," Shani alisema.

"Mtaalamu?"

"Sana. Anajua hata ladha yao."

Lakini majike walikuwa wanaisha. Mama Mbozi aliacha kula kesho yake baada ya yai la mwisho. Ngozi yake ikapauka, mikono ikalegea, akafa. Masumbuko akamlaumu Shani kana kwamba ameacha maji yachafuke.

"Ni kawaida yao, baba. Wakishataga wanakufa. Wote."

"Wote? Ng'ombe akizaa anakunywa maji, anainuka, anaendelea."

"Hawa hawaendelei."

"Ulijua siku zote?"

"Nilijua."

Akakaa kwenye kigoda. Hakuna aliyependekeza tena habari ya sufuria, hata Kefa. Waliwazika nyuma ya stoo, mmoja mmoja, kadiri walivyokwenda. Karani alikuwa wa mwisho, na alikufa akiwa na mistari yake yote, hakujificha.

Mayai yalikuwa mia tatu na kumi na mawili. Mia mbili yalivuka mpaka. Mia moja na kumi na mawili yalibaki kwenye kamba, na Shani akabaki nayo.

Gharama ilikuwa hii. Madumu sitini ya maji ya bahari. Ndama mmoja wa Ivuna, aliyeuzwa kumlipa Brayan. Madume watatu kwa ugali. Dume mmoja kwa jeraha. Majike saba kwa kutaga, na Karani kwa kazi. Dome kumi na wawili, kati ya kumi na wawili.