Ua Lililoshiba Samadi

Edelvaisi, ua adimu la milimani, aliyoing'oa Notburga kule jabalini iligoma kuwa nyeupe. Aliipanda katikati ya bustani, akairundikia samadi ya ng'ombe kama anavyozirundikia kabichi zake, kwa mapenzi tele na akili kidogo, nayo ikarefuka, ikanenepa, ikawa ya kijani kama spinachi. Ile sufi nyeupe iliyomtia tamaa ikapotea. Majirani aliwaambia ameinunua kwenye duka la miche.

Uongo huo ungepita, kama si Mzee Vinzenz wa nyumba ya pili. Kila Agosti mzee hupanda jabalini kulitazama ua hilohilo bila kuligusa, kwa sababu hapo ndipo alipomchumbia marehemu mkewe. Mwaka huu alikuta mahali patupu. Akashuka na magoti yake mabovu, akaegemea uzio wa Notburga, ambaye yeye humwita Burgi.

"Limeliwa, Burgi! Hadi mizizi! Ni Liesl tu, yule mbuzi wangu mwizi. Nani mwingine anafika kule juu?"

"Labda si yeye, mzee."

"Wewe tena unamtetea? Juzi si kakutafunia shuka kwenye kamba?"

"Shuka lenyewe lilikuwa kuukuu."

"Jumamosi anaenda kwa mchinjaji. Nimeshaapa."

Notburga alijua la kusema, na lilikuwa fupi. Lakini kwao, anayeng'oa edelvaisi hutozwa faini na, kibaya zaidi, hutajwa jina mbele ya watu, naye ndiye anayepanga maua ya kanisani. Akajiambia atasema kesho. Kesho yake alioka keki ya tufaha, akampelekea mzee, wakaila pamoja, akarudi na siri yake. Ijumaa jioni alimsikia Liesl akilia zizini. Alifunga dirisha. Aibu ilimtafuna, na bado hakutoka.

Jumapili baada ya misa mzee alikuja akichechemea, gunia begani, kifurushi cha karatasi mkononi.

"Paja la Liesl hili, chukua. Mimi siwezi kumla, nilimlea kwa chupa." Akatua gunia. "Na hii ni dawa ya hilo jitu lako la dukani. Unalishibisha mno, mwanamke wewe! Edelvaisi inataka njaa. Nimepanda tena jabalini kukuletea mawe ya palepale ua langu lilipokuwa. Kule hayana kazi tena."

Akapiga magoti, akaitoa edelvaisi kwenye samadi, akaikung'uta mizizi taratibu, akaanza kuipangia mawe yake ya zamani. Notburga alikumbatia kifurushi kifuani. Kilikuwa baridi.

"Mzee," akasema, "ua hili si la dukani."

Mikono ya mzee ikasimama. Alilitazama ua, akayatazama mawe, kisha akakitazama kifurushi.

"Ungesema Ijumaa," alisema.

Hakuinuka. Aliendelea kulishindilia mawe ua la mkewe mpaka gunia likawa tupu, kisha akaondoka bila kumtazama.