Giza la Mama Msasa

Mama Msasa alikuwa amevunja mawe mawili mfululizo. Kuteleza si kuanguka, alimwambia mkuu wa maabara. Mkuu akamjibu kwamba mawe yenyewe yalianguka, tena sakafuni, na kwamba hili la tatu likiharibika karakana ya kung'arisha itafungwa, naye akapumzike. Apumzike! Mtu aliyesugua vioo miaka thelathini na moja, akapumzike afanye nini?

Basi akalisugua wiki sita, jiwe la fuwele lisilozidi kidole gumba.

Siku ya kulipima alisimama nyuma ya binti wa dada yake, mtafiti wa mwanga, aliyemwombea nafasi hiyo ya mwisho. Mkuu alikuwa kando, mikono kifuani. Taa zikazimwa. Mwale mwekundu ukapita kwenye kichujio cha kwanza, ukaingia ndani ya jiwe, ukaelekea kichujio cha pili. Ukutani giza totoro, hata nukta.

Kwake yeye, miaka yote, jiwe zuri ni lile linalopitisha mwanga.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona. "Nimekuaibisha."

"Subiri kwanza, mama mdogo."

Binti akazungusha kitufe, na umeme ukaingia kwenye nyaya mbili zilizoshika ubavu wa jiwe. Jiwe halikutikisika wala halikulia. Lakini ukutani nukta nyekundu ikachomoza, ikakolea, ikawa kali hata mkuu akafumba jicho moja. Binti akapunguza umeme, ikafifia. Akaongeza, ikarudi. Mama Msasa alisahau kufunga mdomo. Alilijua jiwe lile kila pembe kwa ncha za vidole, kumbe lilikuwa na jambo lake humo ndani, na hakuwahi kuambiwa.

"Limefanya nini?"

"Umeme unalibadilisha, nalo linaupindua mwanga. Kile kichujio cha pili kinakubali mwanga uliopinduliwa tu."

"Na lile giza la mwanzo?"

Aliyejibu ni mkuu, na sauti ilikuwa imemshuka. "Jiwe likisuguliwa mshazari, hata kwa unene wa unywele, mwanga huvuja kabla ya umeme. Giza safi namna ile sijapata kuliona."

Mama Msasa akajifuta macho kwa kiganja.

"Hebu zima umeme, mwanangu," akasema. "Nilione tena."