Birika Linapomwita Masese

Saa nne na dakika sita asubuhi, simu ya Masese iliwaka juu ya kaunta. Birika la umeme lilikuwa limewashwa nyumbani kwake, Kiogoro. Masese, fundi wa vifaa vya umeme mjini Kisii, akaiacha redio ya mteja imefumuliwa, akaanza kuhesabu.

Mwezi uliopita alichomeka plagi janja ukutani, kidude cheupe kinachotuma habari kwenye simu. Alimwambia mkewe, Kemuma, kwamba anataka kujua birika linakula umeme kiasi gani. Siku tatu zilimtosha kuujua mkono wa Kemuma: kikombe kimoja cha strungi, chai isiyo na maziwa, dakika moja na nusu. Leo birika lilizimika baada ya dakika tatu. Kama jana. Kama juzi.

"Kwani leo ni vikombe vingapi?" Job, mwenzake dukani, akauliza akicheka.

"Viwili. Ogari amefungua duka lake la kinyozi?"

"Ogari aliyemtaka Kemuma kabla yako? Bwana, ulishamshinda. Mbona bado unakimbia?"

Masese alirukia pikipiki. Njia nzima alimwona Ogari kwenye kochi lake, miguu mezani, akipuliza chai. Alimwona Kemuma akicheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo. Alipofika getini alikuwa ameshawapiga wote wawili akilini.

Ndani, Kemuma alikuwa peke yake, akimwaga maji ya moto kwenye sinki. Hakushtuka.

"Nimekungoja tangu juzi," alisema.

"Nani alikuwa hapa?"

"Wiki iliyopita nilikupigia kila siku uje ule mchana, ukasema duka limejaa. Birika likikuita, unaruka. Job aliniambia unavyonihesabia chai, nikaanza kuchemsha maji ya kumwaga."

Hata hivyo Masese alifungua mlango wa chumba cha kulala, akachungulia.

"Angalia na chini ya kitanda! Masese, ni mgeni gani amewahi kupewa strungi katika nyumba hii? Ningekuwa na mwanamume ningempikia chai ya maziwa, kwa sufuria, kwenye gesi. Plagi yako ingejua nini?"

Aliichomoa plagi, akamtia kiganjani. "Mkoba wangu uko tayari. Ukinipima tena, naenda kwa mama, huko Nyamira."

Masese alifuta kila kitu kwenye simu mbele ya macho yake. Aliomba msamaha, na aliuomba kwa moyo wote. Walikula ugali na mboga ya chinsaga pamoja, na Kemuma akacheka mara moja, mkono mdomoni.

Jioni, Kemuma akiwa nje anaanua nguo, Masese alijikuta jikoni. Neno moja la Kemuma, gesi, lilikuwa limemkwama rohoni tangu asubuhi. Mtungi wa gesi waliujaza lini? Wiki mbili zilizopita? Aliinama, akaushika, akauinua taratibu.

Mwepesi. Mwepesi mno kwa watu wawili.

Alipogeuka, Kemuma alikuwa mlangoni, amekumbatia nguo. Aliyaweka mashati ya mumewe juu ya mtungi, akabaki na gauni lake, akaenda kuuchukua mkoba.