Vidole Vitano Chini

Ghislaine Tolliver alivaa gauni jekundu alilolishona mwaka juzi kwa ajili ya uzinduzi wa albamu yake. Leo alikuwa analivaa kwenda kwenye uzinduzi wa albamu hiyo hiyo, ila imeimbwa na mtu mwingine.

Mlangoni mwa ukumbi, pale Belleville, Paris, alikutana na Anselme Ribier, mpiga besi mzee wa Martinique, aliyetoka nje kuvuta sigara.

"Ghislaine, tafadhali. Jumapili hii nzuri usije ukaiharibu."

"Nimekuja kusikiliza muziki tu, Mzee Anselme."

"Na hilo gauni?"

"La kusikilizia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akampisha apite.

Mama yake Ghislaine alikuwa Mfaransa wa Roubaix, baba yake Mmarekani mpiga tarumbeta wa Saint Louis, na ndani ya nyumba watu hao waligombana kwa lugha zote mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana binti yao hakuona ajabu kuchukua wimbo wa zamani wa Kifaransa na wa zamani wa Kimarekani akazishona pamoja. Miaka mitatu alifanya kazi hiyo jikoni kwake. Mshono alioupenda kuliko yote uliunganisha wimbo wa treni wa Wafaransa na wimbo wa mvua wa Wamarekani. Katikati palikuwa na mahali ambapo msikilizaji alitoka Paris na kuingia Amerika bila kuona mlango. Ghislaine alipaita bawaba.

Aurélien Faucheux, mpiga piano na mpenzi wake, msomi wa chuo kikubwa cha muziki, alikaa mezani na kalamu akiandika noti za kila alichoimba. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi yake. Kisha Ghislaine akapasuliwa koo na madaktari wakamwamuru anyamaze miezi sita. Aurélien alimletea supu ya vitunguu, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia, "Pumzika, mpenzi. Albamu itakungoja." Albamu haikungoja hata miezi miwili. Iliimbwa na Clémence Daubrac, na nyuma ya jalada pakaandikwa: Mipangilio yote, Aurélien Faucheux. Jina la Ghislaine halikuwepo hata kwenye orodha ya shukrani, ambako paka wa Aurélien alikuwepo.

Sasa alikuwa amekaa safu ya tatu, na glasi ya mvinyo mweupe ambayo hakuigusa. Jukwaani mwandishi wa gazeti alikuwa anamhoji Aurélien.

"Ule mpito kutoka treni kwenda mvua, Bwana Faucheux. Ulikujiaje?"

"Aa, ile naiita bawaba," alisema Aurélien, akijishika nywele. "Ilinijia nikiwa naoga."

Watu wakacheka kwa upendo. Ghislaine hakucheka. Alikuwa tayari amemsamehe mambo mengi mtu yule, hata kumwacha kitandani bila sauti. Lakini kumwibia neno lake mbele ya macho yake! Alimchukia kwa moyo wote, na chuki ile ilimpa utulivu asioutarajia.

Clémence alimwona. Alikuwa msichana mwenye adabu, na kwenye jazi mwimbaji mkubwa akiwa ukumbini haachwi kwenye kiti.

"Dada Ghislaine! Jamani, nilijifunza nyimbo hizi kwa kusikiliza kanda yake. Dada, njoo utuimbie hata mmoja."

Meno ya Aurélien yalibaki yanatabasamu, macho yakakataa. Ghislaine akapanda.

"Treni na mvua," aliwaambia wapigaji. Kisha akafanya kama wafanyavyo waimbaji wote wa jazi: akaonyesha ufunguo wa wimbo, yaani ngazi ya sauti utakayopigiwa, kwa vidole vilivyoelekea chini, kila idadi ya vidole na ngazi yake. Kwenye karatasi za Aurélien ulikuwa kidole kimoja. Yeye akaonyesha vitano.

"Kimoja," Aurélien alinong'ona kutoka kwenye piano. "Ghislaine, ni kimoja."

"Tangu nipasuliwe, sauti yangu imeshuka. Ungejua kama ungerudi na supu ya pili."

"Noti zimeandikwa kwa..."

"Wewe si ndiye uliyeupanga? Ushushe tu."

Anselme, aliyekwisha kurudi jukwaani kwenye besi yake, akarekebisha nyuzi. "Vitano, nimeviona," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mwimbaji ndiye anayetoa ufunguo, bwana. Twende."

Ghislaine akaanza kwa Kifaransa. Sauti ilikuwa nzito sasa, na mkwaruzo wake ulimfaa mtu anayengoja treni isiyokuja. Aurélien alijikongoja nyuma yake, macho kwenye karatasi ambazo hazikumsaidia tena, jasho likimdondoka kidevuni. Ikafika bawaba. Vidole vyake vikatua, vikatoa sauti mbaya, vikahama, vikatoa mbaya zaidi. Mpiga ngoma akanyamaza kwa huruma. Aurélien akaondoa mikono kwenye piano.

Besi ya Anselme ilikuwa bado inatembea.

"Sogea," alisema Ghislaine.

Akasogea. Ghislaine akakaa, akashika piano mwenyewe, na treni ikaingia mvuani taratibu, kwa Kiingereza cha baba yake. Alipomaliza watu walisimama. Clémence alikuwa analia wazi wazi.

"Bwana Faucheux," mwandishi aliuliza, kalamu tayari, "bawaba imekupotelea wapi?"

"Bafuni," alisema Anselme. "Maji ya moto yamekatika."

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii Ghislaine alicheka nao, akimtazama Aurélien machoni mpaka akainamisha kichwa. Hakumwonea huruma.

Kwenye meza ya kusaini, foleni ilijipanga mbele ya gauni jekundu. Wa kwanza alikuwa yule mwandishi. Ghislaine aligeuza albamu yake upande wa nyuma, akampa Aurélien kalamu.

"Kata jina lako."

"Ghislaine, watu wanatuangalia."

"Ndiyo. Kata."

Aurélien akalipigia mstari, akalikata. Chini ya mstari ule Ghislaine akaandika: Ghislaine Tolliver. Clémence akaburuta boksi zima la albamu kutoka ukutani, akaliweka miguuni pa Aurélien.

"Ziko mia mbili, dada."

"Umesikia?" Ghislaine alimwambia Aurélien, akimsogezea ya pili. "Usichoke mapema."