Ripoti ya Maji ya Thika

Wakonyo alikuwa na miaka ishirini na minne alipoajiriwa kuosha vyombo vya maabara katika kiwanda kimoja cha dawa mjini Thika, ilhali shahada yake ya kemia imelala nyumbani ndani ya bahasha ya kaki. Aliyemtoa kwenye karai ni Zacharia, meneja wa uzalishaji, mtu wa Kalimoni, ambaye hakusaini pipa lolote la dawa litoke kabla ya kulinusa.

"Maitu," alimwambia, vile Mkikuyu humwita binti anayempenda kama mama yake, "usidanganywe na mashine. Dawa ni maji. Ukiyajua maji, umeijua hii kazi."

Akayajua. Kwa miaka kumi na tisa alipanda: mpimaji, msimamizi, mkuu wa idara ya ubora. Kampuni iliponunuliwa na wenye makao yao Ulaya, walimpeleka Lagos miaka miwili, kisha Cairo mitatu. Mumewe, Ngigi, alibaki Gatongora pale Ruiru, akiuza misumari na mabati na kumlea Ciku, binti yao wa pekee. Kila likizo Wakonyo alikuta kitu kimehama. Sufuria ziko rafu nyingine, mtoto ana rafiki mwingine, Ngigi amejifunza kulala katikati ya kitanda. Alijiambia kila kitu kitarudi mahali pake siku atakapofika juu.

Akafika. Mwezi wa tatu aliteuliwa mkurugenzi wa ubora wa Afrika nzima, ofisi yake Dubai. Kwao Gatuanyaga walichinja mbuzi, na mama yake akapitisha simu mkono kwa mkono watu waone jengo la vioo ambamo mtoto wake angefanya kazi. Zacharia alikuja na suti yake ya kanisa. Aliambia watu kwamba sasa kiwanda kina mtu wake kwenye meza ya wakubwa.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa Junaid, bosi wake mpya, aliyekulia Nairobi na kupanda ngazi zile zile mapema kuliko yeye.

"Anza na nyumbani," Junaid alimwambia. "Kagua Thika. Na tafadhali usipake rangi. Bodi haiwezi kutoa pesa za mfumo mpya wa maji kama ripoti ni ya upole. Wape kitu kigumu."

Wakonyo aliamini, kwa kuwa mfumo huo ndio alioutaka kwa miaka mingi.

Zacharia alimfungulia kila mlango. Alimpeleka nyuma ya chumba cha matangi, akapiga magoti kwa shida, akamulika kipande cha bomba kilichozibwa mwisho, ambamo maji yalituama bila kupita.

"Hapa ndipo vijidudu vinazaliana," alisema. "Nimeandika barua miaka sita. Kila tukipika sirapu ya watoto, tunapima maji mara tatu, na yakikataa tunamwaga. Tumemwaga mengi."

"Nikiandika hivi, mzee, jina lako litaonekana."

"Andika. Usinihurumie. Wakisoma, watatengeneza."

Aliandika kurasa arobaini na moja. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliandika pia, kwenye ukurasa wa mwisho, kwamba wafanyakazi ni hodari na kwamba mfumo mpya ungetosha kukiokoa kiwanda.

Wiki sita baadaye alisoma uamuzi wa bodi akiwa kwenye dawati lake Dubai. Kiwanda cha Thika kingefungwa, na sirapu itengenezwe Asia. Sababu zilikuwa maneno yake mwenyewe, yamenukuliwa aya kwa aya. Ukurasa wa mwisho haukutajwa.

Alimfuata Junaid ofisini kwake.

"Uliniambia ripoti ni ya kuomba mfumo mpya."

"Ilikuwa moja ya njia," Junaid alisema taratibu. "Wakonyo, kuna uwongo wowote uliandika?"

"Hakuna."

"Basi hakuna aliyekudanganya. Hivi ndivyo huku juu kulivyo. Na wanataka uende uwaambie watu mwenyewe. Wewe wanakujua."

Usiku huo aliandika barua ya kujiuzulu. Asubuhi akakumbuka Ciku yuko mwaka wa pili chuoni, akakumbuka Lagos na Cairo na yote yaliyopotelea huko, akaifuta. Alijiambia kwamba akibaki, angalau atawapigania wafanyakazi walipwe vizuri. Aliomba waongezewe mshahara wa miezi mitatu. Alipewa mmoja.

Alisimama kwenye kantini ya Thika mbele ya watu mia mbili na kumi. Wengi alikuwa amewafundisha kuvaa glavu. Alipomaliza kusoma, Mbula wa kitengo cha kufunga chupa aliinuka. Yeye na Wakonyo walikuwa wameanza kazi mwaka ule ule.

"Madam, nataka kuelewa tu," Mbula alisema. "Hayo maji yaliharibika juzi ulipokuja kukagua, ama yalikuwa hivyo hata ukiwa mkuu hapa?"

"Yalikuwa hivyo."

"Na tulikuwa tunafanya kazi nayo."

"Tulikuwa tunayapima."

"Sawa," Mbula alisema, akaketi.

Zacharia hakuwa kantini. Wakonyo alimfuata Kalimoni, akamkuta akikata majani ya ng'ombe. Alimkaribisha vizuri, akamletea kiti, mkewe akaleta chai.

"Karibu, mkurugenzi," alisema.

Wakonyo akamweleza yote: ahadi ya Junaid, ukurasa wa mwisho, mwezi mmoja aliopewa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sina ubaya na wewe," alisema. "Mimi ndiye niliyekuonyesha lile bomba. Nikilala ndilo naliona. Wale vijana wananiuliza, mzee, kwa nini hukunyamaza? Sina la kuwajibu." Akachukua panga lake. "Kunywa chai, itapoa."

Mwaka haukuisha kabla ya ofisi ya Dubai kuunganishwa na ya Ulaya. Junaid alihamishiwa Singapore. Cheo cha Wakonyo kilifutwa kwa simu ya dakika kumi na mbili.

Alirudi Gatongora. Ngigi alimpisha upande mmoja wa kitanda, akawa mpole kama mwenyeji kwa mgeni. Ciku alikuwa akipiga simu kila Jumapili, akiongea na baba yake kwanza. Viwanda vya Ruiru na Nairobi alivyoviandikia vilijibu kwa adabu kwamba nafasi hakuna; katika kimoja, aliyepokea barua alikuwa mpimaji wake wa zamani.

Jibu moja tu lilikuwa zuri. Kampuni ya nje ilitaka kiongozi wa kusimamia kiwanda chao kule Accra, na wakamhoji kupitia kompyuta, akiwa chumbani, amevaa koti la kazi juu ya leso.

"Wasifu wako umetuvutia sana," mwanamke wa upande wa pili alisema kwa Kiingereza. "Hasa Thika. Ulifunga kiwanda bila mgomo na bila kesi. Kile cha Accra tungependa kiwe kimefungwa kufikia Juni. Unaweza kuanza lini?"

Sebuleni, Ngigi alikuwa akicheka na mteja kwenye simu. Wakonyo aliangalia kalenda.

"Tarehe moja," alisema.