Kifuniko cha Mtungi wa Kukhu

Watoto walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, wakimngoja afande. Shule yao ilikuwa kando ya barabara itokayo Busia kwenda Tororo, na enzi zile za utawala wa wanajeshi, mkubwa akisema atapita, hata kuku walipangwa mstari. Benedeta, msichana wa darasa la nne, alikuwa amelamba midomo mpaka imepasuka.

Afande alifika jua likiwa utosini. Akahutubia. Akapumzika, akahutubia tena. Ndipo huko nyuma, kwenye mstari wa wavulana, Egesa mtundu akaanza kupiga mguu chini. Du, du, pa. Du, du, pa.

Kila mtoto alilijua pigo lile. Lilitoka kwenye santuri ya Mwalimu Chrispinus, mjomba wake Benedeta, kijana wa suruali pana chini kama kengele na nywele kama kichuguu. Siku ya Ijumaa, nyimbo za kanisani zikiisha, Mwalimu alifunga madirisha ya darasa, akazungusha mkono wa gramafoni ya shule, na ile santuri nyeusi aliyoinunua Busia ya ng'ambo ya mpaka ikaanza kunguruma. Hiyo ndiyo roki, aliwaambia. Magitaa yalilia kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi, na Mzungu mmoja akapiga kelele kama mtu aliyevamiwa na siafu.

"Anasemaje, mwalimu?"

"Anasema hataki."

"Hataki nini?"

"Hataki tu. Hataki kuambiwa kaa, simama, nyamaza."

Watoto walicheka wakashika mbavu. Hawakujua kama mtu mzima anaweza kusema hivyo na asifanywe kitu.

Basi pale uwanjani mguu wa Egesa ukazaa mguu wa jirani yake, na huo ukazaa shule nzima. Du, du, pa! Vumbi likapanda. Afande mwanzoni alitabasamu, akidhani ni ngoma ya kumkaribisha, akatikisa hata fimbo yake. Kisha kiitikio kikafika, na watoto wakaachia koo: "Sitaki! Sitaki! Sitaki!"

Fimbo ikasimama hewani.

"Nyinyi hapana taka nini?"

Watoto wakatazama vidole vyao vya miguu.

"Nauliza, hapana taka nini? Nani nafundisha nyinyi hii?"

Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, aliyeonywa nyumbani kwao asiseme uongo, akanyoosha mkono. "Ni santuri ya mwalimu, afande. Inaimba."

Mwalimu Chrispinus akajitokeza mwenyewe. "Hakuna santuri, afande. Watoto wanacheza tu."

Afande akamtazama kuanzia nywele mpaka upana wa suruali. "Sawa. Sisi nakwenda nyumbani kwako, natafuta. Kama hapana santuri, mtoto nadanganya. Kama iko..." Hakumaliza. Alinyoosha fimbo tu upande wa kambi ya jeshi, na pale uwanjani hakuna mtu mzima aliyehitaji kumaliziwa. Mtu akipelekwa kule, jamaa zake walianza kulia papo hapo, maana mwili wa kuzika hawangeupata.

Wakati anasukumwa kuingia kwenye Landrova, mjomba alimtupia Benedeta jicho mara moja tu. Lilitosha. Benedeta alijua santuri inakolala: chini ya godoro, ndani ya simba, yaani kile kijumba cha mjomba cha useja. Akarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya darasa, kisha akatimua mbio.

Barabara huzunguka kinamasi, lakini njia ya miguu hukata katikati ya mihogo. Alikimbia majani yakimchapa uso, huku akilisikia lile gari likilia kwa mbali, mara kushoto, mara nyuma yake.

Alipofika, bibi yake aliyemlea, Kukhu Leonida (kukhu ndivyo Wasamia wanavyomwita bibi), alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya mihogo.

"We mtoto, unafukuzwa na nyoka?"

Benedeta alimpita mbio. Aliingia simba, akainua godoro. Akaona ganda tu, lile la karatasi ngumu lenye picha ya Wazungu wa nywele ndefu. Akalitikisa. Tupu. Akapekua mashati, akachungulia uvunguni, akapapasa juu ya ukuta penye majani ya paa. Gari likasikika likiingia kwenye kichochoro cha michongoma. Akalichukua ganda, akakimbilia jikoni, akalisukuma motoni chini ya chungu cha maharage. Moto ukalipokea.

Aliponyanyua kichwa ndipo alipouona mtungi wa maji.

Kifuniko cha zamani kilivunjwa na mbuzi juzi. Sasa juu ya mtungi kulikuwa na duara jeusi, katikati limechomekwa gunzi la mahindi kama kishikio.

"Kukhu! Hiki..."

"Kizuri, eh? Nimekikuta chini ya godoro la mjomba wako nikifagia. Kilikuwa na karatasi katikati, nikaikwangua, karatasi inaoza kwenye maji. Tundu nikalipanua kwa kisu cha moto, nikatia gunzi. Mtu analalia kifuniko kizima, na mama yake anakunywa maji ya mende!"

Benedeta alifungua mdomo amwambie. Buti zikawa zimeshafika uani.

Wanajeshi walimkalisha mjomba chini karibu na ghala, mdomo unavuja damu. Godoro walilichana. Wimbi wa uji waliumwaga. Hata kuku aliyekuwa akiatamia walimtoa kikapuni, naye akawamwagia laana. "Hapana kitu, afande," wakasema.

Afande akainama, akaingia jikoni mwenyewe. Akanusa. "Nini naungua?"

"Maharage, mwanangu," Kukhu akasema. "Mmeniingilia kwa kishindo, nimesahau kuongeza maji."

"Mimi kiu. Leta maji."

Benedeta alikuwa kama kigingi.

"Benedeta! Masikio umeyaacha shuleni? Mpe mgeni maji."

Alipiga magoti, akashika gunzi, akainua. Mwanga wa mlangoni ukaipiga santuri, na mistari yake midogo ikameremeta kama ngozi ya nyoka aliyetoka kujivua. Upesi akailaza gizani nyuma ya mtungi, akachota maji kwa kata, akamnyooshea afande.

"Ebo!" Kukhu akamaka. "Mkono mtupu? Mgeni anapewa maji hivyo? Weka kata juu ya kifuniko, kipokee matone, yasimlowanishe bwana viatu."

"Kukhu..."

"Weka! Au shule inawafundisha utovu wa adabu?"

Mkubwa akisema, mtoto hutii. Benedeta aligeuza santuri, akalibana gunzi kwa chini kati ya vidole, akaweka kata juu yake. Akasogea kwa magoti. Kupitia mlangoni alimwona mjomba akimwona. Uso wa mjomba ukawa wa majivu. Akafumba macho.

Afande alichukua kata, akanywa. Matone yakadondoka juu ya santuri, yakazunguka kwa kufuata mistari, na jinsi mikono ya Benedeta ilivyotetemeka, yakacheza.

"Nini natetemesha wewe? Naogopa mimi?"

"Ndiyo, afande."

Jibu likampendeza. Akairudisha kata, kisha akapitisha kidole ukingoni mwa kile kifuniko, taratibu, kama anayepapasa kisu kujua makali.

"Laini. Natoka wapi?"

"Vitu vya ng'ambo hivyo, mwanangu," Kukhu akasema, bila kuacha kumenya. "Ukikisogeza motoni kinajikunja kama sikio la mbwa. Chungu cha udongo hakina mwenzake."

Afande akakitazama kidole chake. Akakifuta kwenye suruali, akacheka. "Kweli, mama. Hata kwetu, chungu tu."

Akatoka. Uani alimpiga mjomba teke la ubavu. "Mtoto nadanganya. Bahati yako. Kata hii nywele. Na gramafoni ya shule, mimi nachukua." Landrova ikanguruma, ikaenda.

Ndipo Benedeta alipomweleza bibi yake. Kukhu alikitazama kifuniko, akakitazama kisu chake. Akakaa juu ya maganda ya mihogo, akishika kichwa. "Uuwi! Nimemwandalia mgeni mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe. Tena juu ya sinia!"

Hakukuwa na muda wa kulia. Wanajeshi wakiondoka mikono mitupu hurudi. Jua lilikuwa bado liko juu pale mjomba alipokuwa tayari kuvuka mpaka kwa njia za ng'ombe, pamoja na wanawake waendao soko la ng'ambo. Kukhu alimfungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Mjomba akaja jikoni, akasimama, hatoki.

"Mama, nipe santuri yangu."

"Itaimba nini? Tundu limekuwa kama jicho la ng'ombe."

"Hata isipoimba. Ni yangu."

"Wakikupekua mpakani?"

"Nitaificha. Nipe, mama."

Kukhu akaenda akasimama mbele ya mtungi. Benedeta hakuwahi kumsikia akimnyima kitinda mimba wake huyu kitu, hata kipande cha nyama.

"Sitaki," Kukhu akasema.

Mjomba alimtazama mama yake. Pembe ya ule mdomo uliovimba ikainuka kidogo. Akapokea mihogo kwa mikono miwili, akatoka, akapotelea kwenye mtama.

Benedeta alikuwa na kiu tangu asubuhi. Alipiga magoti mbele ya mtungi, na kabla hajafunua, vidole vyake vikagonga vyenyewe juu ya kifuniko, polepole. Du, du, pa.

"Acha kelele," Kukhu akamwambia, macho yake yako barabarani. "Kunywa, ufunike. Hajafika ng'ambo bado."