Ukanda wa Mwisho wa Ngano

Mdogo wangu Orest alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemuuliza hali. "Siyo mbaya." Ukimkuta kanisani, siyo mbaya. Ukimkuta posta, siyo mbaya. Huku kwetu, kaskazini ya mji wa Yorkton, jibu hilo ndilo heshima yenyewe; anayesema anaumwa huonekana anaomba. Baba yetu alikata roho na siyo mbaya yake mdomoni. Mimi ninayesimulia ni Darka, dada yake mkubwa, mjane, na subira sikuzaliwa nayo.

Orest hakuoa. Alilima ngano peke yake kwenye shamba la baba, na kila msimu alikuwa wa kwanza kumaliza kuvuna. Akishamaliza, hupita na pikapu polepole kando ya mashamba ya wenzake ili wamwone hana kazi. Aliyependa kumtania zaidi ni jirani yetu Lorne Kowbel. "Lorne anasubiri jua limpigie pasi suruali kwanza," alikuwa akisema mbele za watu, na Lorne alicheka pamoja nao. Kisha ikaja saratani ya uboho, mle ndani ya mifupa damu inamotengenezwa, nami nikahamia kwake kumpikia na kumpeleka hospitali mjini Saskatoon kwenye dawa.

Saratani yenyewe hakuionea aibu. Saratani ni kitu kikubwa, watu huivulia kofia. Alichokionea aibu ni uchovu. Ugonjwa na dawa vilimla damu mpaka ngozi ikawa rangi ya mshumaa. Aliacha karata za Ijumaa, akasema wale wazee wanamwibia. Aliacha gazeti, akasema halina habari. Kanisani akahamia benchi la nyuma karibu na mlango, asionekane hainuki wenzake wanaposimama. Waliosema aibu ya maiti aijuaye mwosha walijua walisemalo: Orest hakuwa maiti, lakini mfuaji wa nguo zake nilikuwa mimi, na kapu la nguo chafu lilikuwa tupu. Alilala na shati na kuamka nalo, kwa sababu kufungua vifungo kulimmaliza nguvu.

Angekuwa amekatika mguu, angeuonyesha. Uchovu utauonyesha vipi? Kwa watu wetu, uchovu ni uvivu uliovaa nguo za kanisani.

Nesi wake hospitalini aliitwa Rowena, Mfilipino, mwanamke mchangamfu asiyekosa utani. Mwisho wa Agosti alikuja na majibu ya vipimo, utani kauweka pembeni.

"Mzee Orest, damu imeshuka tena. Sasa iko mpakani pa kuongezewa. Kama inakusumbua, leo leo tunakutundikia damu, unarudi nyumbani mtu mpya. Haya niambie, unachoka?"

"Siyo mbaya."

"Kazi unafanya?"

"Nafanya."

"Na ngazi je, unapanda?"

"Kwani napaa?"

Rowena akacheka. Mimi nikafungua mdomo. "Rowena, huyu mtu—"

"Dada," akanikata kalima, "nesi kamuuliza nani, wewe au mimi?"

Rowena akanitazama, akamtazama. Alilelewa kutombishia mzee, unaliona hilo katika namna anavyoshika mikono. Akasema haya, basi damu hiyo watapewa wenye shida zaidi, tuonane tena mwezi ujao. Barabarani nikamwambia Orest kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa amelala hata kabla hatujatoka mjini. Nilikuwa naliambia dirisha.

Septemba ikaingia na ngano imekauka, inangoja. Kila asubuhi Orest alivaa kofia, akatoka, na baada ya muda nikasikia kombaini, mashine yake ya kuvunia, ikinguruma nyuma ya maghala ya bati. Jioni alirudi na vumbi kwenye viatu, akala vijiko viwili vya supu, akalala. Nilijiambia basi kazi inakwenda. Mchana mmoja nikampelekea perogi, vile vinyunya vya kuchemsha vyenye viazi ndani, zikiwa bado moto, ili ale humo humo kazini.

Kombaini ilikuwa inanguruma, lakini magurudumu hayakuwa yamekanyaga hata unyasi mmoja. Orest alikuwa juu ndani ya kibanda cha dereva, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, kofia imeanguka. Mbele yake ngano yote ilikuwa imesimama. Alikuwa anachoma dizeli ili mimi nyumbani, na wapita njia barabarani, tusikie sauti ya mwanamume anayefanya kazi.

Nikaona aibu kana kwamba nimemchungulia akioga. Nikaweka bakuli kwenye ngazi ya mashine, nikarudi kwa kukanyaga nyasini ili kokoto zisimwamshe. Kisha nikampigia simu Lorne.

Hapa kwetu mtu akilemewa na ugonjwa, majirani huja na mashine zao wakamvunia shamba lote kwa siku moja, na hakuna anayetaja malipo. Lakini hawaji kwa mtu anayesema yuko salama. Kumwendea huyo bila kuitwa ni kumtangaza kilema.

"Lorne, ngano ya Orest bado iko shambani," nikasema.

"Naiona. Nikajua ana mpango wake."

"Hana mpango. Hana nguvu."

"Lakini juzi pale posta nimemuuliza mwenyewe. Kaniambia siyo mbaya."

"Na wewe ukaamini."

"Sasa dada Darka, ulitaka nimwite mwongo mbele za watu?"

"Nilitaka uje na mashine."

"Atanitukana."

"Atakutukana ndiyo. Umeshazoea."

Jumamosi wakaja, kombaini nne zikifuatana barabarani, malori ya nafaka nyuma, na nyuma kabisa wanawake na vyungu vya majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali. Orest alikuwa dirishani na kikombe cha chai.

"Nani kawaita?"

"Mimi."

Mtu mwingine angeiva uso. Yeye hata aibu haikupata damu ya kumpandishia usoni; alibaki mweupe vile vile.

"Umenivua nguo, dada. Tena mbele ya Lorne."

Akaingia chumbani, akavuta pazia, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Nami nikatoka kuwakaribisha watu, nikitabasamu kama mwizi aliyealikwa harusini.

Walifanya kazi mpaka alasiri. Shamba lote likabaki mabua, isipokuwa ukanda mmoja mwembamba kando ya barabara. Huo huachwa. Huo ni wa mwenye shamba; anaukata mwenyewe huku wote wanatazama, ili isisemwe kwamba watu wengine ndio waliomaliza msimu wake. Lorne akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Orest, bwana, tumekubakishia ukanda wako. Mashine yako nimeisogeza pale ukandani, nimeshaiwasha."

Orest akatokea. "Mmechelewa sana nyie. Mimi ningemaliza kabla ya chakula."

Lorne akacheka, na mimi nikapumua. Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe Orest alikwenda kwa sababu kukataa kungekuwa kukiri. Akavuka uwanja taratibu, watu wamesimama kando ya malori na sahani zao, akafika kwenye ngazi ya kombaini, akashika vyuma. Akapanda kidato cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu akakwama. Mgongo ulipanda na kushuka kwa kuhema.

Ndipo watu wetu wakafanya wanachokijua. Wakageuka, wote. Mmoja akatazama mawingu. Mwingine akainama kukagua tairi. Wanawake wakaona ghafla kwamba vifuniko vya vyungu havijakaa sawa. Tumefundishwa hivyo tangu utoto: mtu akiaibika, mpe mgongo. Orest angeweza kuanguka akavunjika shingo nasi tukiwa tunazungumzia mvua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimegeuza kichwa kabla sijajua nimekigeuza. Nikajilazimisha kumtazama, lakini sikumwendea. Nilikuwa nimeshamvua nguo mara moja.

"Lorne," akasema kwa sauti ndogo. "Siwezi."

Lorne alisikia. Nililiona shavu lake likibadilika. Lakini aliendelea kuligonga tairi la lori kwa ncha ya kiatu, akimpa mwenzake nafasi ya kuyameza maneno yake. Alifanya hivyo kwa wema, Mungu atusamehe na wema wetu.

Orest akavuta pumzi, ikamchukua muda kuipata. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye vyungu, "Lorne, siwezi kupanda. Nimechoka. Nimechoka tangu Mei. Njoo unishike."

Lorne akakimbia. Akampa bega, akamteremsha kidato kwa kidato, akamkalisha chini kwenye makapi na mgongo wake ukaegemea gurudumu. Orest akalia, na hakujifunika uso. Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Mashine ilinguruma juu yetu mpaka mtu mmoja akapanda kuizima.

Lorne akachuchumaa mbele yake. "Tangu Mei?"

"Tangu Mei."

"Na mimi nilikuwa nakuuliza kila wiki."

"Ulikuwa unaniuliza. Nikakudanganya."

Lorne akachukua shuke moja la ngano, akalifikicha, akapuliza makapi, asizile punje wala asizitupe. "Rangi yako nilikuwa naiona, Orest," akasema. "Nilikuwa naiona, nikashukuru unaposema siyo mbaya, nikaenda zangu."

Nikapiga magoti hapo na glasi ya maji, nikamshikia anywe. "Asubuhi ya Jumatatu tunakwenda Saskatoon, hatungoji zamu," nikamwambia. "Lakini Rowena utamwambia mwenyewe. Mimi wakala wako siyo."

"Nikikaa kwenye kile kiti nitadanganya tena, dada. Najijua." Akamtazama Lorne. Macho yalikuwa bado yamelowa, na ilimgharimu kuyainua. "Njoo na sisi. Usibaki kwenye gari. Uingie ndani, ukae mbele yangu. Wewe umeshanisikia."

Lorne alikuwa na ngano yake nusu nzima shambani, na redio ilikuwa imetabiri jalidi, ile baridi inayogandisha mashuke, kuanzia Jumatatu. Akauliza tunaondoka saa ngapi.